Mfuko wa Gunia

Kwa siku nne mfululizo meza yangu ilitetemeka wakati wa kifungua kinywa. Nilidhani mguu mmoja umelegea, nikauwekea kipande cha kifuu. Siku ya tano niliinama kuokota kijiko cha Helena, binti yangu, nikaona kinachoitetemesha. Ilikuwa miguu ya Raheli, mgeni wetu. Kwa juu msichana alikaa wima kitini, macho dirishani, bakuli la uji halijaguswa. Chini ya meza nyayo zake zilisukuma ubao unaounganisha miguu ya meza, kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, taratibu, kama fundi cherehani anayeogopa kuvunja sindano. Alikuwa akitua ndege ndani ya nyumba yangu.

"Upepo unatoka upande gani?" nikamwuliza.

Alishtuka. "Kushoto, Mama."

"Uambie usubiri mpaka wewe umalize uji."

Helena alicheka mpaka uji ukamtoka puani. Raheli naye akatabasamu, lakini miguu haikutulia.

Ilikuwa Julai ya mwaka sabini na nane. Wanafunzi wa urubani waliletwa Mtwara kila Julai kwa sababu moja tu: mwezi huo upepo wa kusi huvuma ukiikata njia yetu ya kurukia, na rubani asiyejua kutua na upepo wa ubavuni ni sawa na dereva asiyejua breki. Wavulana sita walilala bwenini. Raheli peke yake alikuwa msichana, bweni halikuwa na mahali pake, nikaulizwa kama nina nafasi nyumbani kwangu, mtaa wa Rahaleo. Nilikuwa nayo. Nilitamani nisiwe nayo.

Mwaka uliotangulia alikuja vilevile, akaondoka bila kumaliza. Mwenzake, Mikaeli, alikufa kwenye uwanja wetu, na tangu siku hiyo Raheli hakuweza kutua peke yake. Kupaa alipaa. Kutua, alitaka mtu kando yake. Chuo kilimpa Julai moja zaidi. Asipotua mara tatu bila mwalimu kabla kikosi hakijaondoka Jumamosi, basi arudi Dodoma kwa baba yake mchungaji, akatafute kazi nyingine. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Mume wangu Petro, aliyekuwa akiendesha winchi bandarini, alionja uji akakunja uso kama alivyoukunja kila asubuhi.

"Raheli mwanangu, usituone maskini," akasema. "Mama Helena hataki kusimama foleni ya sukari. Mwaka mzima sasa. Rahaleo yote inapata zamu yake, sisi tunakunywa uji kama wagonjwa."

"Sukari inaozesha meno," nikasema.

"Ndiyo maana ya kwako bado makali."

Nilimwacha acheke. Nilijifunga kanga juu ya gauni, nikachukua mwavuli, nikatoka na Raheli kwenda uwanjani.

Manyunyu yalikuwa yamepita alfajiri na mchanga ulikuwa umeshikana. Mikorosho ilikuwa imeanza kuchanua. Raheli alitembea nusu hatua nyuma yangu, kama anayemsindikiza mgonjwa, mpaka tulipoliona paa la kituo. Ndipo akauliza.

"Mama, siku ile ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ripoti inasema aliambiwa kasi ya upepo ni kumi na mbili, akatua kama mtu aliyeambiwa hakuna neno. Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Mikaeli alikuwa bora kuliko sisi sote. Yeye ndiye aliyenifundisha kuinamisha bawa. Sasa kama yeye alisikia kumi na mbili, mikono yake ikafanya vingine, hii yangu itafanya nini?"

Mimi ni mtu wa kusema. Simwonei mtu haya. Nimemwambia mkaguzi kutoka makao makuu kwamba anasahihisha vitabu asivyovielewa. Nimemwambia mama mkwe wangu kwamba dawa yake ya kikohozi ni maji ya majani tu. Asubuhi ile nilisema, "Tembea, tutachelewa."

Inanipasa nieleze kuhusu mfuko.

Kila uwanja wa ndege una mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti, wazi pande zote mbili. Upepo ukiingia unauinua, na rubani akiutazama anajua upepo unatoka wapi na una nguvu gani. Wetu ulichanika mwaka sabini na sita. Niliandika barua nne Dar es Salaam. Kitambaa hakikuwepo. Kipima-upepo nacho, kile chenye vikombe vinavyozunguka, kilikuwa kimekwama kwa kutu ya chumvi, na kipuri chake kilingoja fedha za kigeni. Mimi ndiye mwangalizi wa hali ya hewa, nina stashahada yangu, na sikusoma miaka miwili ili nitazame mlingoti mtupu. Nilichukua magunia mawili ya korosho, nikayakata, nikayashona kwa sindano ya magodoro, nikaupandisha mfuko mwenyewe. Katibu wa chama alikuja kuuona. Alisema mbele ya wafanyakazi wote kwamba huko ndiko kujitegemea, kwamba mwenye akili hangoji meli. Tulipiga makofi. Picha yangu na mfuko ikatundikwa ukutani.

Lakini gunia ni zito. Upepo wa kumi na mbili, ambao ungekinyoosha kitambaa vizuri, hulinyanyua gunia kama ni nane. Likilowa, kama ni sita. Nililigundua hilo wiki ya kwanza kwa kutazama mikorosho, na tangu hapo nilifanya hesabu yangu: soma mfuko, ongeza nusu, ukilowa, zidisha mara mbili. Nilikuwa nikiandika kwa chaki kwenye ubao mdogo kando ya redio kile ambacho mfuko umesema, kisha namtajia mtu wa redio kwa mdomo kile ambacho upepo umesema. Marubani wa kawaida walituzoea. Sikuiandika hesabu hiyo popote. Ningeandikaje kwamba mfuko uliopigiwa makofi unadanganya?

Tarehe kumi na tisa Julai, sabini na saba, niliandika nane. Mtu wa redio alikuwa Hassani, kijana wa Mtawanya, aliyeletwa kutoka posta wiki tatu kabla. Sikuwa nimemweleza habari ya kuongeza. Nilikuwepo siku zote, sikuona haja. Mikaeli alikuwa juu, peke yake, akielekea mdomo wa Ruvuma. Ndipo jirani yangu Somoe akapita kwenye uzio akiita, "Mama Helena! Sukari imeshuka duka la ushirika, na foleni bado fupi!"

Ulikuwa mwezi wa pili nyumba haina sukari. Helena alikuwa ametoka kuugua surua. Nilitazama anga, nikatazama saa. Dakika ishirini, nikajiambia.

Nilikuwa nimeshafika langoni, narudi, niliposikia injini ikishuka. Ndege ilikuja imenyooka vizuri mno, mabawa sawasawa, kama siku isiyo na upepo. Kisha kishindo cha upepo kikaingia chini ya bawa la kushoto, kikaipindua kama mtu anavyopindua ukurasa.

Nilikimbia. Mfuko wa sukari ulipasukia mkononi mwangu na sikujua. Nilivua kanga nikamfunika Mikaeli. Halafu, wengine walipokuwa bado wanakuja na mchanga wa kuzimia moto, niliingia chumba cha redio, nikafuta nane, nikaandika kumi na mbili. Vidole vyangu vilikuwa na sukari na jasho, chaki ikanata. Nilijiambia kwamba nasahihisha. Kumi na mbili ndiyo ilikuwa kweli.

Wachunguzi walimwuliza Hassani alimwambia rubani nini. "Nilimsomea kilichoandikwa ubaoni," akajibu. Wakautazama ubao. Hassani aliutazama, akanitazama mimi, akavitazama viatu vyake. Wakaandika kosa la rubani. Na kwa kuwa kituo hakikuonekana na kosa lolote, hakuna aliyetuma kitambaa wala kipuri. Watu husema uongo hauna miguu. Wangu ulikuwa na mlingoti.

Kwa wiki nzima sisimizi walichora mstari mweusi majanini, kutoka langoni hadi pale alipolala. Wafanyakazi waliuruka wakipita. Mimi niliuzunguka, na hata mstari ulipokwisha niliendelea kuuzunguka. Septemba kikaja kifurushi kutoka Ukerewe. Ndani yake kulikuwa na kanga yangu, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa mara nne, na barua ya mama yake Mikaeli: kwa mama aliyemfunika mwanangu, Mungu akukumbuke. Sijaivaa kanga ile. Kuna watu huomba wakumbukwe na Mungu. Mimi nilikuwa nikiomba anipite.

Chumbani Hassani alikuwa ameshawasha redio. Tulisalimiana kwa adabu kama tulivyosalimiana mwaka mzima. Dirishani mfuko ulining'inia mlingotini mweusi kwa maji, ukijikokota kuinuka.

Kapteni Semboja, mwalimu wao, aliingia akipangusa miwani. "Mama, leo Raheli anakwenda peke yake."

"Ngoja mfuko ukauke, Kapteni."

"Mfuko unahusu nini? Upepo ndio uliotuleta huku. Tungetaka utulivu tungebaki nyumbani." Akaipangusa tena miwani. "Nikimngojea mpaka aache kuogopa, atazeekea chini."

Niliandika ubaoni kumi na nne, vishindo vya ishirini. Tangu Mikaeli nilikuwa naandika ukweli, siyo gunia. Nilidhani hilo linatosha. Hassani akasoma, Raheli akaitikia kwa Kiingereza cha redio kilichonyooka, ndege ikapaa, ikaelekea kusini hadi ikawa doa juu ya mikoko, pale Ruvuma inapomwaga matope yake baharini. Ikageuka.

Mara ya kwanza alikuja vizuri. Bawa la kushoto lilikuwa limeinama kuuelekea upepo, pua imeshikwa kwa mguu wa kulia. Niliiona miguu ile, nilikuwa nimeiona chini ya meza yangu. Alipofika juu ya kichwa cha njia, bawa likainuka likawa sawa. Nilijua kabisa alichokitazama. Upepo ukaanza kumsukuma kuelekea mikoroshoni. Injini ikapiga kelele, akapanda tena.

Mara ya pili ikawa vivyo hivyo, ila karibu zaidi na miti. Nje, Kapteni aliivua miwani akaishika mkononi.

"Ana mafuta ya muda gani?" nikauliza.

"Nusu saa," akasema Hassani. "Pengine pungufu."

Redio ikakwaruza. Sheria ya redio ni Kiingereza. Raheli alizungumza Kiswahili, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeuliza njia usiku.

"Uwanja, mniambie. Nyinyi mnasema kumi na nne. Mfuko unasema saba. Nani anasema kweli?"

Hassani alishika kinasa sauti cha redio lakini hakubonyeza. Tulikuwa wawili tu chumbani, na mlingoti dirishani.

"Mwambie kumi na nne," nikasema.

"Nimeshamwambia mara mbili. Macho yake yanamwambia vingine." Aliniita kwa jina la mwanangu, kama kawaida, lakini hakunitazama. "Mama Helena, hili la mwaka jana nimelibeba kwa sababu ulinipokea vizuri nilipokuja. Sijakudai neno. Lakini huyu wa leo simbebi."

Akakiweka kinasa sauti mezani, mbele yangu.

Nyuma yangu mlango ulifunguka. Kapteni alikuwa ameingia mbio, buti zake zimejaa majani. "Mwambieni apande juu, atulie, ajaribu tena! Mnangoja nini?"

Nilijua kwamba nikisema mbele yake, sitarudi tena katika chumba hicho. Nilijua pia kuna mahakama. Nilimfikiria Helena. Nilimfikiria mwanamke wa Ukerewe akipiga pasi kanga ya mtu asiyemjua, akizingatia mikunjo. Nikabonyeza.

"Raheli, ni mimi. Usiutazame mfuko. Niliushona mwenyewe kwa magunia, na unadanganya. Ukilowa unadanganya mara mbili. Upepo wako ni kumi na nne, na vishindo vya ishirini."

Nikabonyeza tena.

"Mikaeli hakukosea. Aliambiwa nane, akatua kwa nane. Hiyo nane niliiandika mimi, nikaondoka, na baadaye nikaifuta. Mikono yake ilifanya ilichoambiwa. Na yako itafanya. Umenisikia?"

Redio ilikwaruza muda mrefu kama mtu anayekokota kiti. Nilimsikia Kapteni akivuta pumzi, asiiachie.

"Nimesikia," Raheli akasema.

Alizunguka juu ya bahari, akaja. Bawa la kushoto likainama, na safari hii likabaki limeinama, juu ya kichwa cha njia, juu ya majani, chini zaidi. Kishindo cha upepo kilikuja, tukakiona kikilala juu ya nyasi kabla hakijamfikia; ndege ikatikisika, bawa likakiegemea kama mtu anavyoegemea mlango unaosukumwa na mwingine. Gurudumu la kushoto likagusa peke yake. Likakimbia hivyo, moja, kwa muda ambao sikuwahi kudhani ndege inaweza kukimbia, kisha la kulia likashuka.

Hakusimama. Aliiongezea injini nguvu, akapaa, akatua tena. Akapaa, akatua mara ya tatu. Chumbani hakuna aliyeketi.

Injini ilipozimwa, Kapteni alivaa miwani yake. Nilitegemea apige kelele. Ningejua namna ya kujibu kelele. "Mama Yustina," akasema, akiniita kwa jina langu mwenyewe, "hayo utayaandika."

"Nitayaandika."

"Yote. Na saa."

"Na saa."

Alitoa karatasi kwenye mkoba wake, akainyoosha mezani kwa kiganja, akaweka kalamu juu yake, akatoka kwenda kwa wanafunzi wake. Hassani aliinuka akachemsha maji ya chai, kazi ambayo haikuwa yake, akakaa nayo akinipa mgongo.

Raheli aliingia mwenyewe. Nywele zilikuwa zimemganda usoni kwa jasho na kofia alikuwa ameishika kama bakuli. Hakunitazama. Aliutazama ubao, pale chaki yangu ilipoandika kumi na nne, kana kwamba chini yake angeweza kusoma kilichofutwa.

"Nilipokuuliza kama ulikuwepo, uliniambia ulikuwepo," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa wapi?"

"Foleni ya sukari."

Hassani aliuzima moto wa jiko. Nilidhani msichana atalia, au atanipiga, na vyote viwili nilikuwa nimeviandalia uso.

"Ulipata?"

"Kilo mbili."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyengoja tarakimu kwa muda mrefu na sasa ameletewa. Akatoka nje. Nilidhani anawafuata wenzake waliokuwa wakimpungia mikono karibu na ndege. Hakuwafuata. Alikwenda kwenye mlingoti, akafungua kamba, akaanza kuushusha mfuko. Ulikuja kwa mikupuo, mzito, ukidondosha maji. Alipoupata aliukumbatia mbele yake kama nguo zilizotoka mtoni, akasimama nao pale pale, gauni lake la kazi likilowa kifuani. Miguu yake ilikuwa imetulia.

Karatasi ya Kapteni ilikuwa bado nyeupe. Lakini ilikuwa imetimia saa tano, na saa tano upepo lazima usomwe, liwe liwalo. Nilitazama dirishani, mlingoti ulikuwa mtupu. Basi nilitoka. Nilivuka majani moja kwa moja kutoka mlangoni, bila kuzunguka, mpaka pale sisimizi walipoishia mwaka uliopita, nikasimama nikiwa nimeelekea upande ambao ndege hutua. Sikuwahi kusimama hapo tangu siku ile. Upepo ulinipiga ubavuni, ukaishika kanga, ukaiachia, ukaishika tena kwa nguvu zaidi.

"Ngapi?" Raheli akauliza kutoka mlingotini.

Nilingoja kishindo kingine kije, na kingine, mpaka niwe na hakika.